Dirisha la utafiti wa baada ya uzamivu hufungwa mapema

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Barua hii ni ndefu kuliko kawaida. Ukilazimika kuipunguza, kata maneno yetu, tarakimu uziache.

Magazeti yetu, na hata mbao za matangazo za vyuo, huzitia nafasi za utafiti wa baada ya uzamivu (PhD) kwenye kapu moja na ufadhili wa masomo. Msomaji anaelewa kwamba atajaza fomu, ataambatisha vyeti, kisha atasubiri jina lake litoke. Katika fizikia ya mwanga, sayansi ya kwanta na sayansi ya nyenzo mpya mambo hayaendi hivyo. Hizi ni kazi za muda, kwa kawaida za mwaka mmoja hadi mitatu, ndani ya maabara ya mtu mwenye shida mahususi anayotaka itatuliwe. Tena zina ukomo unaohesabiwa tangu siku mtu alipohitimu uzamivu, na kwa wahadhiri wetu wengi ukomo huo huwakuta bado wanasahihisha mitihani ya mwaka wa kwanza.

Tazama mipango mitatu mikubwa. Wakfu wa Alexander von Humboldt wa Ujerumani, kwa daraja la wanaoanza, humpokea aliyemaliza uzamivu ndani ya miaka 4 iliyopita, akae miezi 6 hadi 24. Shirika la Japani la Kukuza Sayansi, maarufu kwa herufi JSPS, katika mpango wake wa kawaida huweka miaka 6, kwa miezi 12 hadi 24. Mpango wa Umoja wa Ulaya unaobeba jina la Marie Skłodowska-Curie, kwa miito (duru za maombi) ya 2021 hadi 2025, uliruhusu miaka isiyozidi 8 ya uzoefu wa utafiti baada ya shahada. Kwenye hesabu hiyo ya Ulaya, likizo ya uzazi, ugonjwa wa muda mrefu na kazi isiyo ya utafiti hutolewa, mradi muombaji awe na ushahidi. Humboldt nayo huwafikiria waliolea watoto. Wengi hawalijui hilo na hujiondoa wenyewe kabla hawajaondolewa.

Sasa linganisha na maisha ya mhadhiri wa kwetu. Aliyesomeshwa na chuo chake hurudi akiwa amefungwa na mkataba wa kukitumikia. Mkataba ukiwa wa miaka 4, Humboldt ya wanaoanza inakufa siku ileile mkataba unapoisha. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Ni kalenda mbili ambazo hazijawahi kuwekwa meza moja, na ndiyo sababu kubwa ya kukuandikia.

Kwa aliyekwisha kuchelewa, Humboldt hiyohiyo ina mlango wa pili usiotangazwa sana huku: daraja la watafiti wenye uzoefu, hadi miaka 12 baada ya uzamivu, kwa miezi 6 hadi 18. Muda huo waweza kugawanywa safari zisizozidi 3, kila moja isipungue miezi 3. Mhadhiri anaweza kwenda wakati wa likizo ndefu, akarudi kufundisha, akaenda tena. Sharti ni kuonyesha kwamba tayari anaongoza utafiti wake mwenyewe, na hapo makala ambazo jina lake ndilo la kwanza au la mwisho zina uzito kuliko wingi wa makala.

Mpango wa Marie Skłodowska-Curie unastahili maelezo zaidi kwa sababu ndio unaokosewa zaidi. Una aina mbili. Ile inayoitwa ya kimataifa ni ya raia na wakazi wa kudumu wa Ulaya wanaotaka kwenda nje. Mtanzania au Mkenya anayeishi kwao hana haki nayo. Ile ya Ulaya, ya miezi 12 hadi 24, iko wazi kwa uraia wowote. Tumeona matangazo yakizichanganya.

Kisha lipo sharti la kuhama: katika miezi 36 kabla ya siku ya kufunga, muombaji asiwe amekaa au kufanya kazi yake kuu katika nchi mwenyeji kwa zaidi ya miezi 12. Wengi wa wenzetu walisoma uzamivu kwa mtindo wa kwenda na kurudi, nusu Sweden nusu nyumbani, na vipande vyote vya kukaa huko hujumlishwa. Chukua mwito unaofungwa Septemba 2026. Hesabu inarudi nyuma hadi Septemba 2023. Aliyekuwa Sweden muda wote huo na kuondoka Agosti 2024 ana miezi kama 11, anapita. Aliyeondoka Desemba 2024 ana 15, kwa Sweden amekwama, lakini Denmark, Ujerumani au Hispania hazina shida naye. Hesabu hii ifanywe kabla ya kumwandikia profesa yeyote, tena kwa kutazama mihuri ya pasipoti. Kumbukumbu za kichwani hudanganya kwa miezi. Na kwa kuwa kanuni hurekebishwa, mwongozo wa mwaka unaoomba ndio wenye neno la mwisho.

Andiko lenyewe hupimwa kwa mafungu matatu: ubora wa sayansi asilimia 50, athari 30, utekelezaji 20. Sehemu kuu ina kurasa 10, na zinazozidi hufichwa, msomaji hazioni kabisa. Kosa la kawaida la wanafizikia ni kumwaga kurasa 7 kwenye milinganyo na kubakiza moja kwa athari. Kosa la pili, na hili hutokea hata kwa waandishi wazuri, ni kueleza tu utakachojifunza kwa mwenyeji. Wasahihishaji wanataka pia kuona mwenyeji atapata nini kwako. Kwa miito tuliyoitaja, aliyepata chini ya asilimia 70 hakuruhusiwa kurudi mwaka uliofuata na mwenyeji yuleyule, kwa hiyo andiko la kulipua usiku wa mwisho hugharimu miaka miwili. Na ushindani umepanda: maombi yalikuwa 10,360 mwaka 2024, yakafika 17,058 mwaka 2025.

Japani huenda kinyume. Kwenye mpango wa kawaida wa JSPS anayeomba ni mwenyeji, kupitia chuo chake, na mtafiti humpatia karatasi tu. Ndiyo maana kuitafuta fomu ya muombaji mtandaoni ni kupoteza muda. Kinachotafutwa ni mtu. Posho yake kwa miaka mingi imekuwa yeni 362,000 kwa mwezi, pamoja na tiketi ya ndege.

Mtu huyo hupatikana kwa barua pepe ya kwanza, na ni hapa wengi huangukia.

Barua nzuri haizidi maneno 250. Haianzi na salamu ndefu. Hizo kwetu ni adabu, kule hula nafasi. Mistari ya kwanza itaje makala moja ya karibuni ya kundi hilo na swali halisi linalotokana nayo. Mistari ya kati iseme unachoweza kufanya kwa mikono yako wiki ya kwanza utakapofika. Mistari ya mwisho itaje unaomba kupitia mpango gani, unafungwa lini, na kwamba umekwisha kuhakiki sifa zako. Ambatisha faili moja tu la PDF: wasifu wa kurasa mbili na orodha ya makala. Vyeti vya kidato cha nne vilivyopigwa picha kwa simu vibaki nyumbani. Usipojibiwa, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, kisha endelea na mwingine. Na barua moja iliyotumwa kwa maprofesa 60 hutambulika papo hapo, maana jina lililobandikwa huja na aina tofauti ya herufi.

Sehemu ya kati ndiyo roho ya barua. Chukua mfano wa tando nyembamba, yaani tabaka nyembamba mno za nyenzo zinazowekwa juu ya kioo. "Nina uzoefu wa tando nyembamba" ni sentensi isiyosema kitu. Linganisha na hii: "Nimetengeneza tando za oksidi ya zinki yenye alumini juu ya kioo kwa sputaringi ya mkondo mnyoofu, kanieneo la awali la chemba 2 × 10⁻⁶ miliba, unene nanomita 300 kwa profilomita, ukinzani mahsusi 1 × 10⁻³ ohmu sentimita, mwanga unaopenya ni zaidi ya asilimia 80 katika wigo unaoonekana." Msomaji anayejua kazi anapata picha nzima: una ombwe (chemba iliyoondolewa hewa) safi kiasi, unapima unene kwa chombo badala ya kukisia, na matokeo yako yako mahali yanapotarajiwa kwa kondakta inayopitisha mwanga.

Hata shida za nyumbani zina thamani zikielezwa kifundi. Umeme ukikatika ghafla na hakuna vali ya kutenga inayojifunga yenyewe, mvuke wa mafuta ya pampu ya nyuma hurudi nyuma kupitia pampu ya tabo, ile kuu ya kuondoa hewa, hadi kwenye chemba, na tando zinazofuata hushika vibaya au hubanduka. Aliyewahi kugundua chanzo hicho, akasafisha chemba na kufunga vali, ana ujuzi ambao mhitimu wa maabara isiyokatika umeme hana. Aandike.

Kabla ya kutuma, mtu azipitie makala zake kwa jicho la adui, maana mkuu wa maabara atafanya hivyohivyo. Katika sayansi ya nyenzo kuna makosa mawili yanayojirudia mno. La kwanza ni kukadiria ukubwa wa fuwele kwa fomula ya Scherrer, inayotumia upana wa mistari ya eksirei, bila kutoa upana unaoletwa na mashine ya eksirei yenyewe. Mstari unaonekana mnene kuliko ulivyo, na fuwele zinatoka ndogo kuliko zilivyo. Fomula hiyo pia haiaminiki fuwele zikipita nanomita 100 au karibu na hapo. La pili ni kutafuta pengo la nishati (nishati ambayo elektroni inahitaji ili iwe huru kupitisha umeme) kwa mchoro wa Tauc, grafu ya ufyonzaji wa mwanga, juu ya utando wenye mawimbi ya kuingiliana kwa mwanga, mtu akachora mstari ulionyooka penye wimbi, akatoa pengo la uongo. Ukiliona kosa lako, liseme kwenye mahojiano kabla hujaulizwa.

Katika kazi za mwanga, mahojiano huja haraka kwenye vitendo. Swali linalopendwa: unaingizaje mwale wa leza kwenye faiba ya modi moja (unyuzi wa kioo unaopitisha mwanga kwa umbo moja tu, yaani modi), na ukipata asilimia 10 tu ya mwanga utafanya nini? Jibu la kubahatisha ni "nitarekebisha vioo." Jibu la fundi huanza na hesabu. Mwale una kipenyo cha milimita 2, urefu wa wimbi nanomita 1550, na modi ya faiba ina kipenyo cha mikromita 10.4. Umbali wa fokasi unaofaa ni π mara kipenyo cha mwale mara kipenyo cha modi, gawanya kwa mara nne ya urefu wa wimbi: milimita 10.5. Lenzi ya milimita 11 inafaa. Ukiwa na ya milimita 4.5, doa la mwanga kwenye fokasi litakuwa mikromita 4.4 tu, na hata ukinyoosha kila kitu kikamilifu hutavuka asilimia 52 hivi, kwa sababu doa na modi havilingani ukubwa.

Baada ya hesabu ndipo vioo. Vinatakiwa viwili, kwa kuwa mwale una mahali na una mwelekeo, na kioo kimoja hakiwezi kuvirekebisha vyote. Ingiza mwanga mwekundu wa leza ya kukagulia faiba kutoka mwisho wa pili, utoke kupitia lenzi, kisha pishanisha miale miwili sehemu mbili zilizo mbali. Ukishapata mwanga kidogo upande wa kupima, zungusha kioo cha kwanza kiasi kidogo, rudisha kwa cha pili, tazama kama kilele kimepanda au kimeshuka. Bado asilimia 10? Kagua ncha ya faiba kwa hadubini. Vumbi moja juu ya kiini linatosha kuharibu kila kitu. Kagua kama ncha imekatwa mshazari, maana ncha ya nyuzi 8 hupindisha mwale na huhitaji pembe yake. Anayejibu kwa mpangilio huo anaaminika hata kama hajawahi kugusa leza ya bei kubwa.

Katika kwanta swali la aina hiyo huwa la fotoni (chembe za mwanga) pacha. Leza ya nanomita 405 hupita kwenye fuwele, na mara chache sana fotoni moja hugawanyika mbili za nanomita 810. Vigunduzi viwili kila kimoja kinahesabu 50,000 kwa sekunde, dirisha la kuyahesabu matukio kuwa sanjari, yaani ya wakati mmoja, ni nanosekunde 5. Ni mangapi yatakuwa sanjari kwa kubahatisha tu? Zidisha: 50,000 mara 50,000 mara 5 × 10⁻⁹, yaani 12.5 kwa sekunde. Anayedai ameona mfungamano wa kwanta ilhali jumla ya matukio yake sanjari ni 15 kwa sekunde hajaona kitu cha kusimulia. Ni vizuri pia kukumbuka kwamba katika jaribio la Bell la aina ya CHSH, linalopima kama mfungamano wa chembe mbili ni wa kwanta kweli, kikomo cha nadharia za kawaida ni 2 na cha kwanta ni 2.83, mwenye 3.1 ana hitilafu ya vipimo mahali fulani, wala asikimbilie kusherehekea.

Wapo watakaosema: hatuna leza wala fuwele, tufanyeje? Njia ya nadharia na kokotoo iko wazi zaidi kwetu kuliko inavyodhaniwa. Quantum ESPRESSO, programu huria ya kukokotoa sifa za nyenzo kuanzia elektroni, ilikuzwa kwa sehemu kubwa Trieste, Italia, na hailipiwi. Shule ya Afrika ya mbinu hizo, ASESMA, ilianza Cape Town mwaka 2010, na mwaka 2012 ilifanyika Eldoret. Makundi mengi Ulaya huajiri wahitimu wa aina hii. Lakini nako kuna mitego. Kokotoo la kawaida la PBE (mbinu ya makadirio inayotumika sana) hukupa pengo la nishati la oksidi ya zinki karibu elektrovolti 0.8, na maabara hupima kama 3.3. Anayeripoti 0.8 bila kueleza kwamba udhaifu ni wa mbinu, au bila kutumia mbinu iliyo juu zaidi, anaonekana hajui anachofanya. Vivyo hivyo anayeshindwa kuonyesha kwamba nishati ilikoma kubadilika alipoongeza kikomo cha mawimbi na idadi ya nukta za k, vipimo viwili vinavyoamua usahihi wa kokotoo. Grafu moja ndogo ya ukaguzi huo kwenye kiambatisho hufungua milango kuliko sifa tano za kujipamba.

Trieste hiyohiyo ndiko iliko ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu. Kila Februari huwa na chuo chake cha majira ya baridi cha optiki, cha wiki mbili hivi, na wahadhiri wanaofundisha huko ndio hao wanaoajiri. Kwa mhadhiri asiyeweza kuacha darasa mwaka mzima, ICTP ina mpango wa washirika: mtu huteuliwa kwa miaka 6 na ndani yake huenda kufanya utafiti mara kadhaa. Na si lazima kuvuka bahari. Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, iko taasisi dada ya ICTP ya utafiti wa msingi kwa Afrika Mashariki, iliyozinduliwa mwaka 2018. Pretoria ndiyo makao ya Kituo cha Leza cha Afrika kilichoanzishwa mwaka 2003. Anayehitaji eksirei kali za sinkrotroni (mtambo mkubwa unaozungusha elektroni kwa kasi) atazame mpango wa LAAAMP, ambao humpeleka mwalimu pamoja na mwanafunzi wake kwenye moja ya mitambo hiyo. Ukirudi na data za huko, barua yako ya kwanza kwa profesa imekwisha kubadilika sura.

Umoja wa Mataifa ulipoutangaza mwaka 2025 kuwa wa kimataifa wa sayansi na teknolojia ya kwanta, azimio liliwasilishwa na Ghana. Makongamano yakafanyika, picha zikapigwa. Ajira zilizotangazwa mwaka huo hazikuhitaji hotuba, zilihitaji watu wanaojua kuhesabu matukio sanjari.

Tugusie fedha, maana hapa nako kuna mshangao. Kiwango kinachotajwa na Marie Skłodowska-Curie, kinachozidi Euro 5,000 kwa mwezi katika miito ya karibuni, ni gharama yote kwa mwajiri. Huzidishwa kwa kigezo cha gharama za maisha za nchi husika, kisha hutolewa michango ya mwajiri, michango yako na kodi. Kinachofika mfukoni ni pungufu sana, japo ni mshahara wa kweli wenye bima na pensheni. Humboldt ni ruzuku, haina pensheni. Anayekwenda kwa likizo bila malipo kutoka chuo cha umma aulize mapema michango yake ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, itakuwaje, na apate jibu kwa maandishi.

Uingereza ina kizuizi chake. Watafiti wa fizikia, nyenzo na fani nyingine nyeti wanaotoka nje ya orodha fupi ya nchi zilizosamehewa, na zetu hazimo, huhitaji cheti cha ATAS, idhini ya kiusalama ya serikali, kabla ya kuomba viza. Ni bure, lakini huchukua si chini ya siku 30 za kazi. Maelezo ya utafiti uyachukue neno kwa neno kutoka kwa mwenyeji. Ukiyaandika upya kwa ufasaha wako, maombi hurudishwa kwa kutolingana. Marekani, watafiti wengi huingia kwa viza ya J-1 (ya wageni wa mabadilishano), yenye ukomo wa miaka 5 na kusubiri miezi 24 kabla ya kurudi kwa hadhi ileile ya mtafiti. Njia ya H-1B (viza ya ajira ya kitaalamu) imekuwa nzito tangu tamko la Septemba 2025 lililoweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje. Uliza aina ya viza kabla ya kukubali kazi.

Na matapeli wapo. Humboldt, JSPS na Marie Skłodowska-Curie hawatozi hata senti kupokea maombi. Barua ya kukupongeza kwa nafasi ya leza Ulaya, inayodai ada ya kuhifadhi nafasi kupitia simu, ni wizi. Vilevile majarida yanayochapisha makala ndani ya siku 3 kwa kulipia: makala mbili za huko kwenye wasifu huzitia shaka zile nane nzuri.

Maombi yetu kwa vyuo ni machache. Mkataba wa kutumikia usimamishwe kwa miezi ya utafiti wa nje na uendelee mtu akirudi, badala ya kumhesabu mtoro. Barua ya kuthibitisha kwamba mtu ametetea tasnifu itoke ndani ya wiki moja, isisubiri mahafali ya Novemba. Na kila idara ya fizikia iwe na mtu mmoja anayejua tarehe za kuhitimu za wenzake wote, amwambie kila mmoja mwaka wa mwisho wa kila mpango anaoweza kuomba. COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ingeweza kuiweka kalenda hiyo mahali pamoja kwa nchi nzima. Kazi yake ni ya siku chache.

Kwako, Mhariri: unapochapa tangazo la aina hii, weka miaka inayoruhusiwa tangu uzamivu, uraia unaotakiwa, na kama anayeomba ni mtafiti au mwenyeji. Na saa ya kufunga ibadilishwe iwe ya kwetu. Mwito wa Marie Skłodowska-Curie hufungwa saa 11 jioni ya Brussels, ambayo mwezi Septemba ni saa 12 jioni Dar es Salaam, na mfumo wa kupokea maombi huelemewa saa mbili za mwisho.

Wako,
Walimu wa fizikia na sayansi ya nyenzo,
Dar es Salaam